Mizani ya Bati

Methali za Kiswahili zimelipa jicho heshima kubwa. Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Tena wakasema kwamba macho hayana pazia. Mkono nao haukusahauliwa, ila mkono wa methali aghalabu ni ule utoao, upokeao, au usiolambwa kwa kuwa ni mtupu. Mkono ujuao haukusemwa sana. Labda ni kwa sababu mkono wa aina hiyo hauna makuu. Hukaa katika karakana ukifanya kazi yake mwaka baada ya mwaka, hadi siku ambapo mwenyewe hupotewa na nuru ya macho, ndipo jamaa zake watambue kwamba sehemu kubwa ya elimu yake haikuwa kichwani bali vidoleni. Makala haya yanauhusu mkono mmoja wa namna hiyo, pamoja na gari dogo la bati lililoundwa ili likapimwe nao.

Mwenye mkono huo ni mzee wa kiungani mwa mji wa Meru, mahali penye chai na mimakadamia. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mekanika wa jua kali mjini Embu. Magari yaliyopita mikononi mwake hayana idadi, lakini gari alilolijua kama mtu ajuavyo lugha ya mama ni Datsun 1600, lile ambalo kampuni ya Nissan ilianza kuliunda mwaka wa 1967 na ambalo wapenzi wa magari duniani hulitaja kwa namba 510. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na ujazo wa sentimita 1,595. Gurudumu lake la nyuma kila moja lilikuwa na springi yake na kwenda zake, tofauti na magari mengi ya bei yake ambayo magurudumu ya nyuma yalifungwa kwenye ekseli moja gumu. Mzee aliweza kuketi kibandani akinywa chai, Datsun likapita barabarani, naye akasema bila kugeuka kwamba vali za gari lile zinadai kurekebishwa.

Kisha ikaja presha ya macho. Ugonjwa huu ni mwizi mwenye subira. Huanza kuiba pembeni mwa uoni, mahali ambapo mtu hana haja ya kutazama mara kwa mara, na mwenye mali hagundui wizi hadi mwizi amefika sebuleni. Mzee alidhani taa za karakana ndizo zilizofifia. Alibadilisha balbu mara kadhaa. Alipofika hospitalini, kilichokuwa kimeibwa hakikuweza kurudishwa, kwa kuwa matibabu ya maradhi hayo hulinda kilichosalia tu. Hatimaye hata kilichosalia kilikwisha. Akarudi Meru, akaketi chini ya mmakadamia, akakataa mkongojo. Alikataa pia kushika chombo chochote cha kazi. Bisibisi zake na spana zake zilirudi naye kutoka Embu zikiwa ndani ya gunia, na gunia hilo halikufunguliwa.

Mzee huyu ana mwana ambaye alitarajiwa kurithi karakana. Mwana hakuirithi. Alihamia upande wa pili wa mji uleule wa Embu akawa fundi bati, akiunda mifereji ya maji ya mvua, majiko, na hasa masanduku ya shule ambayo wazazi huyagombania kila mwanzo wa mwaka watoto wanapoingia shule za bweni. Baba hakumlaani wala hakumfukuza. Alisema tu kwamba injini huzungumza na bati ni bubu, na tangu siku hiyo mazungumzo yao yakapungua kama maji ya mto wakati wa kiangazi. Walipokutana waliulizana habari za afya na bei ya kahawa. Mwana aliporudi Meru na kumkuta babake chini ya ule mti, mikono imewekwa magotini kama vitu vilivyoazimwa, hakujua la kusema, akaulizia bei ya kahawa.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo baba hakuchoka kulisimulia hata katika miaka ile ya ukimya, nalo ni Safari. Ikumbukwe kuwa mashindano hayo ya magari yalianzishwa mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na katika miongo iliyofuata yakawa sikukuu ya nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza, na njia yake ilipita katika barabara walizozitumia wananchi wenyewe kwenda sokoni. Ndiyo maana yalipendwa. Leo mashindano hayo, yaliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 baada ya kuondolewa kufuatia yale ya 2002, huendeshwa hasa katika maeneo ya Naivasha. Zamani yaliuzunguka hata Mlima Kenya, na ile barabara ya udongo baina ya Embu na Meru, yenye kona zisizohesabika, inayoteremka katika kila bonde na kupanda tena, ilikuwa sehemu ya adhabu yake.

Baba alikuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliposimama juu ya mteremko wa Mto Mutonga pamoja na wenzake, wakilowa mvua tangu alfajiri. Likatokea Datsun jekundu. Husimulia kwamba halikupita, bali liliteleza ubavuubavu kama ng'ombe aliyekanyaga ngozi ya ndizi, likajiweka sawa, likatoweka, na matope yake yakawafunika wote. Hawakujipangusa. Walirudi nyumbani na matope hayo kama watu waliobarikiwa. Wiki hiyo kila mtoto aliunda gari la waya lenye usukani mrefu wa kusukumia, na sauti ya injini ikatoka vinywani. Magari hayo hayakuwa na vipimo. Kama yangekuwa mashairi, wanamapokeo wangeyaita maguni. Hata hivyo, mmoja wa watoto wale hakuacha kulifuata gari lile jekundu, na ndiye aliyekuwa mekanika wa Datsun.

Mwana aliamua kuliunda gari hilo upya. Alichagua mfano mmoja halisi: Datsun 1600 SSS ambalo Edgar Herrmann na msomaramani wake Hans Schüller waliliendesha na kushinda Safari ya mwaka wa 1970. Hakuwa na hakika kwamba ndilo baba aliloliona. Datsun nyekundu zilikuwa kadhaa miaka ile. Lakini alihitaji gari ambalo lilikuwapo kweli na ambalo picha zake zinapatikana, kwa kuwa kazi aliyoikusudia haikuwa ya kupendeza macho. Hakuna macho ambayo ingeyapendeza. Kazi hiyo ingekaguliwa na vidole vilivyolifungua na kulifunga gari la aina hiyo kwa miaka 30. Mchezo wa kubahatisha haungewezekana.

Uundaji wa vielelezo vya magari una desturi zake ulimwenguni. Wamarekani wengi huunda yale magari ya zamani ya kushindana mbio za robo maili, mita 402 za barabara iliyonyooka, wakitumia vifurushi vya plastiki vya uwiano wa 1 kwa 25 au 1 kwa 24. Uwiano wa 1 kwa 24 una asili ya futi na inchi: nusu inchi husimama badala ya futi moja. Ule wa 1 kwa 43 ulirithiwa kutoka kwa treni za kuchezea, ambapo milimita 7 zilisimama badala ya futi. Fundi bati wa Embu hakuwa na kifurushi wala treni. Alikuwa na rula. Alichagua 1 kwa 10, ili kila sentimita ya gari iwe milimita moja ya bati, na hesabu isimsumbue saa za usiku akiwa amechoka.

Vipimo alivitafuta kwenye gari lenyewe. Karibu na Runyenjes alielekezwa kwenye boma ambalo lilikuwa na bodi la Datsun 1600 nyuma ya ghala, limewekwa juu ya mawe, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Alilipima siku mbili kwa utepe, uzi na timazi. Urefu milimita 4,120, upana 1,560, kimo 1,400, na baina ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma 2,420. Alipima hata umbali wa kitasa kutoka ukingo wa mlango. Mwenye boma alimuuliza kama analinunua. Alipojibiwa kwamba anapima tu, alimtazama kwa huruma, akamletea uji.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ataitambua kazi iliyofuata. Katika tarbia ya kawaida kila mshororo una mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mizani moja ikipungua, sikio lililozoea hushtuka hata kabla ya akili kuhesabu. Fundi alijua kwamba kidole cha babake kitakuwa sikio la namna hiyo. Alikata bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, akalikunja juu ya kalibu za mti alizozichonga mwenyewe, akalilehemu, akalipiga tupa na msasa. Paa alilirudia mara nne, kwani mgongo wake una mbonyeo mdogo sana usioonekana katika picha lakini unaohisika mkono ukipita. Tairi zenye kimo cha milimita 60 alizichonga kwa soli za ndara. Vioo vilitokana na chupa ya soda, na zile taa 4 za mbele, mbilimbili kila upande, zilikuwa vifungo vya koti.

Hata hivyo, si kila kitu hukubali kupunguzwa. Bati la gari halisi lina unene wa chini ya milimita moja; ukiligawa kwa 10 hupati bati bali karatasi ya sigara. Fundi alilazimika kukubali kwamba ngozi ya gari lake itakuwa nene kuliko haki, akaificha kwa kunoa kingo za milango na matao ya magurudumu. Uzito nao una sheria yake. Urefu ukigawanywa kwa 10, ujazo hugawanywa kwa 1,000, hivyo gari la kilo 900 na ushei lilipaswa kuwa na gramu 900 na ushei. Lilipowekwa kwenye mizani ya muuza nyama lilipungukiwa. Akaongeza kipande cha chuma mahali pa injini, ili pua yake iwe nzito kama inavyostahili. Si fani tu iliyopaswa kutimia. Uzito wa maudhui nao ulikuwa na kipimo.

Tatizo kubwa lilikuwa rangi, jambo ambalo mtu angelitarajia liwe dogo kuliko yote. Katika masimulizi ya baba, gari lilikuwa jekundu kutoka pua hadi mkia. Lakini picha za gari la Herrmann zinaonyesha boneti nyeusi isiyong'aa. Fundi alizitazama picha hizo kwenye simu usiku mwingi. Ukweli wa historia ulikuwa upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na mtoto aliyelowa mvua juu ya Mutonga, ambaye gari lake jekundu lilikuwa limebaki kuwa moja ya picha chache zisizoibwa. Baba hangeiona rangi. Kumpakia nyekundu halafu kunyamaza kungekuwa ukarimu usiogharimu kitu, na hakuna ambaye angelaumu. Wala si fundi bati peke yake anayelijua jaribio hilo. Kila aandikaye habari za watu wasioweza kumsoma hulikuta mlangoni.

Fundi alipaka boneti nyeusi. Alitumia rangi kavu, isiyong'aa, kama picha zilivyoonyesha. Alipomaliza hakuhisi ushujaa wowote. Alihisi kwamba huenda ameliharibu jambo la pekee ambalo baba alikuwa bado anapenda kulisema.

Gari lilisafiri kwenda Meru ndani ya sanduku la shule lililotandikwa magunia, likiwa juu ya mapaja ya muundaji wake katika matatu. Siku hizi barabara ina lami, lakini mabonde hayakuondolewa. Walipita Thuci, wakapita Chuka, na walipoukaribia Mto Nithi abiria wakanyamaza kama ilivyo desturi, maana daraja hilo limemeza watu wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Walipovuka Mutonga, fundi alitazama juu ya mteremko. Paliota migomba.

Baba alikuwa mahali pake. Mwana alipoliweka sanduku mbele yake, mzee alilibisha kwa kidole.

"Umeniletea sanduku la shule, mwanangu? Nimekubaliwa kidato cha kwanza?"

"Lifungue, Baba."

Hakulifungua. Mwana alilitoa gari mwenyewe, akaliweka juu ya mapaja ya babake, akarudi nyuma hatua mbili. Kwa muda mrefu mikono ya mzee ilibaki pembeni. Kisha mmoja ukapanda, ukagusa bampa, ukasimama. Wa pili ukafuata. Ile ilikuwa mikono ya mekanika ikianza kazi: haikupapasa ovyo, ilikwenda kwa utaratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, kushoto na kulia kwa pamoja, ikilinganisha. Iligusa taa nne. Ikapita juu ya paa, ikarudi, ikapita tena. Mzee aliliinua gari, akalipima kwa kiganja, akaona pua inavyolalia mbele.

"Datsun," alisema. "Elfu na mia sita."

"Ndiyo, Baba."

"Limepanda juu kidogo."

"Ni la Safari, Baba. Waliyainua kwa ajili ya barabara."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye boneti, kikakwama pale ambapo wekundu laini uliishia na ukavu ukaanza.

"Hapa rangi imebadilika."

"Hapo ni nyeusi, Baba. Isiyong'aa. Ndivyo lilivyokuwa gari lililoshinda mwaka wa 1970. Nimeona picha."

"Nililoliona mimi lilikuwa jekundu lote."

"Huenda lilikuwa jingine."

Mzee alinyamaza. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Kidole kiliendelea kusugua mpaka wa rangi zile mbili, kwenda na kurudi.

"Au huenda lilikuwa hilihili," alisema hatimaye, "na mimi nilitazama ubavu tu, kwa vile lilikuja ubavu. Nyeusi ni kwa ajili ya jua. Boneti inayong'aa humpiga dereva machoni." Akatulia tena. "Ungenipakia nyekundu ningekuamini."

Mwana hakujibu, na pengine jibu halikuhitajika. Maana mikono ilikwisha kuhamia nyuma ya gari na hapo ikakunja ngumi ya hasira ambayo haikuwa imeonekana katika boma hilo kwa muda mrefu.

"Haya magurudumu ya nyuma ni ya nani? Yamesimama wima kama askari kwenye gwaride! Gari la Safari lina tairi za akiba, lina mafuta, lina vyuma. Datsun ukilibebesha mzigo hulaza magurudumu ya nyuma, juu yakaingia ndani, chini yakatoka nje. Hata mtoto anajua. Ulipima gari gani?"

Mwana alieleza habari za Runyenjes, mawe na kuku.

"Ulipima maiti," mzee alisema. "Maiti hunyooka. Niletee gunia langu."

Gunia lilifunguliwa. Mzee alitafuta koleo kwa kugusa, akalipata upesi kuliko mwenye macho, akaanza kung'oa ekseli ambayo mwanawe aliilehemu kwa juma zima. Alifanya hivyo bila kuomba radhi. Alimwagiza mwana ashikilie bodi hapa, asibonyeze pale, alete waya mgumu zaidi, na kwa nini waya huu ni laini hivi, wanauza nini siku hizi huko Embu? Hawakuzungumzia bei ya kahawa.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba usahihi ndio ulioshinda siku hiyo, na hatakuwa amekosea, mradi akumbuke ni usahihi upi. Fundi alikuwa na vipimo vyote: urefu, upana, kimo na uzito. Mizani yake ilitimia. Kilichokosekana hakikuweza kupatikana kwa rula, kwa sababu kilikuwa katika namna gari linavyobeba mzigo wake likiwa hai, na maarifa hayo yalikuwa yamefungwa katika gunia chini ya mmakadamia yakingoja mtu akosee mahali panapofaa. Mashairi mengi yenye vina na mizani kamili husimama wima vivyo hivyo, kama askari, yakimngoja msomaji aliyewahi kubeba mzigo wenyewe aje ayalaze kidogo.

Mwana aliporudi Embu jioni ile, sanduku lake lilikuwa tupu. Gari lilibaki Meru likiwa halina ekseli ya nyuma. Aliagizwa arudi Jumamosi itakayofuata na waya wa springi, wa unene wa milimita 2, asilete wa aina nyingine, na asichelewe.